Njia ya Hedley Garside Kati ya Mahindi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rosalind, mjukuu wake, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya Hedley Garside, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1943 hapa kijijini Nether Cobley, Dorset, Uingereza, akasoma shule ya kijiji hadi 1958, akawa dereva wa basi, na tarehe 8 Juni 1968, katika kanisa hili hili, akamwoa Bibi Beryl, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Janine na mjomba Clive.

Alipostaafu mwaka 2008 alianzisha matembezi ya Jumatano, ya mwendo wa pole, kwa wenye magoti mabovu na maneno mengi, yeye mbele na chupa ya chai mgongoni, akisimama kusifia kila ua ili watu wapumue bila kuona aibu.

Mwaka jana jirani yetu, Bwana Pocock, alipanda mahindi juu ya njia ya miguu ya watu wote, ipitayo shambani mwake hadi mtoni, na bila njia ile ilibaki barabara ya magari tu, ambayo wazee wetu wasingeiweza, maana yake matembezi yangekufa. Babu akawaingiza wote ndani ya mahindi, wakazunguka, wakatokea uani kwa Pocock mwenyewe, wamelowa mvua, matope hadi magotini.

"Mmepotea, wazee?"

"Sisi hatujapotea, bwana," Babu akamjibu, "iliyopotea ni njia, na wa mwisho kuonekana nayo ni wewe."

"Hapa hapana njia, Hedley."

"Mtabishana baadaye," Bibi akasema, "mimi miguu imegoma."

Kwetu mtu aliyelowa mvua mlangoni hanyimwi chai, hata kama mnagombana, basi Pocock akawaingiza ndani, wakakaa mpaka jioni, keki ikaisha, wakaagana kwa vicheko, ila mwaka huu mahindi yakapandwa pale pale.

Mwezi Mei moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa hospitali ya Dorchester, na kila daktari alipomuuliza anajisikiaje, yeye aliuliza kama njia imefunguliwa, hadi alipotutoka Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, bila kupata jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea chakula, madereva wenzake waliombeba leo, na Bwana Pocock, aliyeketi pale nyuma, ambaye jana alikata mahindi yake kutoka barabarani hadi mtoni, kwa upana wa watu wawili, ili Bibi apite akishikwa mkono, kisha akauliza kwa matembezi tunaondoka saa ngapi.

Pumzika, Babu. Jumatano tunatembea.