Thawabu za Daw Tin Nyo

Basi lilipotoka sokoni Mandalay, Daw Tin Nyo, muuza wali, alitutangazia abiria wote kwamba asubuhi amewalisha watawa, na thawabu anatugawia. Tukaitikia "thadu", yaani umetenda vyema, kama desturi, maana anayeitikia hupata fungu lake bure, na mimi cha bure sijawahi kukikataa. Aliyefunga mdomo ni jirani yangu wa kiti, mjane Daw Ohn Sein.

"Itikia basi, shoga. Nimemtaja hata marehemu mumeo, huko aliko naye apate fungu."

"Nani kakutuma? Mimi mkewe nimekufa?"

"Alikuwa mteja wangu. Ni huruma tu."

"Huruma! Mbona wateja wengine waliokufa hukuwataja? Ukimwita huko aliko atakuja mbio, kama alivyozoea."

Basi zima tukajifanya tunatazama nje. Kituoni mjane akashuka, akapiga hatua mbili, akarudi kushika dirisha.

"Uliwapikia nini hao watawa?"

"Mchuzi wa samaki aliokuwa akiupenda, na pilipili zake tele."

"Kwangu," akasema mjane, "miaka yote alisema hali pilipili."

Dereva akapiga honi. Mkono ulikuwa bado dirishani.