Zlatina Dragneva, Aliyejifunza Kufunga Mlango

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yenu aliyewahi kuishi na hofu miaka kumi na mmoja, akaambiwa na kijiji kizima kwamba anadeka?

Marehemu Zlatina Dragneva alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Gorno Lipovo, katika milima ya Rodopi, Bulgaria, akasoma hadi darasa la nane, mwaka 1966 akaajiriwa kugawa taa kwa wachimbaji wa mgodi wa madini ya risasi, na tarehe 14 Oktoba 1970 akafunga ndoa na mchimbaji Asparuh, wakajaliwa binti mmoja, Desislava.

Tarehe 22 Februari 1989 mgodi uliporomoka ukamfukia Asparuh, na tangu hapo marehemu hakuweza kukaa ndani mlango ukiwa umefungwa, hata theluji ikiingia hadi jikoni. Akapelekwa kwa Bibi Gyurga, mganga wa kijiji, ambaye, kwa desturi yetu, aliyeyusha risasi akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha marehemu, ili umbo litakaloganda limtaje aliyemtisha. “Ni mbwa, masikio haya hapa!” akatangaza, na sisi, kwa busara yetu maarufu, tukamfukuza mbwa asiye na hatia. Mbwa akaenda, hofu ikabaki.

Mwaka 2000 akalipeleka bonge lile la risasi kwa mwanasaikolojia wa zahanati, Bi Kalina Vasheva, akitarajia kuchekwa.

“Wewe mwenyewe, mama, unaona nini?”

“Lango la mgodi, mwanangu. Siku ile alisema mgongo unamuuma. Nikamwambia aache kudeka, nikampa taa.”

Akalia, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya mumewe hakulia. Kuanzia hapo kila Alhamisi alikwenda kwa Bi Kalina, kila Jumapili akawasha mshumaa kanisani na kumwomba Asparuh msamaha bila kumung'unya maneno, na nyumbani akaufunga mlango, kwanza kwa dakika moja, kisha hadi kahawa ichemke, hata majira ya baridi ya 2001 akalala mlango umefungwa, akaamka akimfokea binti yake: “Kumbe nyumba hii ina joto! Mbona hamkuniambia?”

Aprili 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi, bila hofu yoyote, akilalamika kwamba supu haina chumvi. Tumelia, lakini tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochemsha ngano tunayokula leo kumkumbuka marehemu, na wafanyakazi wenzake wa mgodini. Pumzika, Zlatina, katika amani uliyoitafuta mwenyewe.

Nanyi waheshimiwa wa halmashauri, mliokaa mbele na mashada yenu, chumba cha Bi Kalina mmekifunga tangu alipostaafu mwaka 2016, eti wataalamu hakuna. Wenye shahada ya saikolojia tupo, tunaokota uyoga msituni kwa kukosa ajira. Kifungueni kabla theluji haijaanguka.