Globu Mfukoni mwa Mzee Viti-Viwili

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kinyozi na gereji, na kila mtu alikuwa na nafasi yake. Alasiri hiyo, kama alasiri zote za karibuni, altaneta, mtambo wa kuchajia betri, ilikuwa imelazwa katikati yao, imefunguliwa, koili za shaba nje, makaa yake ya kupitishia umeme pembeni juu ya kitambaa. Ilikuwa ya lile gari jekundu la michezo, la zamani, la viti viwili tu, lililoegeshwa mbele yao boneti juu. Mwenye gari ni mstaafu mmoja, zamani mchoraji wa ramani za majengo, ambaye kijiwe kizima kilimwita Mzee Viti-Viwili. Gari lilikuwa halichaji betri, na kila aliyekaa pale alikuwa na sababu yake ya kueleza kwa nini. Mzee alikuwa na sababu halisi. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake: globu ndogo, kiasi cha punje ya hindi, aliyoing'oa yeye mwenyewe nyuma ya dashibodi.

Magari ya enzi ile yana tabia yake. Altaneta haianzi kuchaji mpaka ipate umeme kidogo wa kuiamsha, na umeme huo hupitia kwenye taa nyekundu ya betri. Ng'oa globu, altaneta italala hata ikiwa mpya. Mara ya kwanza gari lilikuwa limeharibika kweli, makaa yameisha. Waya, fundi umeme wa gereji, akaitengeneza altaneta hapo hapo benchini, na siku zile mzee alicheka kuliko alivyowahi kucheka tangu mkewe afariki. Gari likapona. Kesho yake alikuja mikono mitupu, akasalimia, akaitikiwa, akasogezewa nafasi, kisha wenzake wakarudi kwenye mpira, naye hajui hata timu moja. Alikunywa kahawa yake, akaaga, na hakuna aliyemuuliza anawahi wapi. Jioni ile ile akaingia chini ya dashibodi.

— Mimi nawaambieni tatizo ni spidi, alisema Redio, kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. — Hii kitu inazunguka mno. Na wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Umeme utatulia saa ngapi?

— Wahenga walikuwa na altaneta? aliuliza muuza kahawa. Kijiwe kilimwita Shemeji, ingawa hakuna aliyejua ni shemeji wa nani.

— Walikuwa na akili. Altaneta ni nini mbele ya akili?

— Beringi mpya, daiodi mpya, makaa mapya, alisema Waya huku akirudisha mfuniko na kukaza skrubu. — Kwenye meza yangu inachaji vizuri tu. Ikifika kwenye gari, inanuna.

— Basi imelichoka gari, alisema Redio. — Fungeni ile kubwa ya magari ya kisasa, inawasha mtaa mzima!

— Halafu nyaya hizi za zamani ziungue zote?

— Chanda chema huvikwa pete, bwana!

— Sasa pete imetoka wapi hapo?

— Si ziko humo ndani? Zile mbili za shaba, kwenye mhimili! Umetuonyesha mwenyewe!

Mzee alicheka mpaka kahawa ikampalia, na Shemeji akampiga mgongoni. Mkono wa mtu mgongoni. Alitamani auache hapo kidogo.

Waya akaifunga altaneta garini, akakaza mkanda, akawasha injini, akaitazama mita ya chaji. Akatikisa kichwa, akazima.

— Imenuna tena.

— Nimeshajua, alisema Redio, akisimama kabisa na kitana mkononi. — Ni ule mnara wa simu! Unanyonya umeme hewani. Mbona hata simu yangu haikai na chaji?

— Simu yako imezeeka kuliko wewe, alisema Shemeji. — Mimi nasema ni rangi. Nyekundu inavuta jua, shaba inashikwa na homa.

— Yawezekana, alisema Waya, bila kucheka. — Tulipake bluu, tuone.

Mzee alimtazama kwa mshangao kidogo. Fundi aliyekula umeme maisha yake yote, anakubali homa ya shaba?

— Kesho nitaifungua upya, alisema Waya.

— Kesho, mzee alidakia haraka. — Mimi nitakuwepo.

Alisema hivyo kila siku, kana kwamba kuna mahali pengine ambapo angekuwa.

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja mwenye matone meupe mikononi, mpiga rangi aliyeletwa kupaka kuta za kinyozi.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia.

— Gari zuri hili. Naweza kukaa humo kidogo? Rangi imeshakauka, sitachafua.

Mzee alisita. Kile kiti cha pembeni hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mkewe, ambaye alizoea kuweka mkoba miguuni na kuimba kwa sauti mbovu. Lakini kumnyima mgeni mbele za watu ni aibu.

— Ingia, mwanangu.

Dada akaingia, akashika hiki, akagusa kile, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini. Akainamia dashibodi.

— Hii taa ya oili inawaka. Mbona hii ya betri haiwaki?

Redio, asiye na kitufe, akazimika. Shemeji akakichungulia kikombe kitupu. Waya akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara.

Mzee alisubiri fundi ajipige kwenye paji la uso. Hakujipiga. Ndipo ikamjia: fundi yeyote wa umeme huanzia kwenye taa hiyo. Waya alijua tangu siku ya kwanza, na kama Waya alijua, wote walijua. Mnara, homa, rangi ya bluu, vyote walikuwa wanamzawadia muda. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi, kwamba upweke wake ulikuwa ukionekana na kila mtu.

— Dada, alisema Shemeji, — kahawa imekwisha.

— Sijaomba kahawa.

— Hata hivyo imekwisha.

Akainua birika, likasikika likichezacheza, limejaa. Redio akakumbuka mteja. Dada akashuka polepole.

— Nimesema vibaya, mzee?

— Hapana, mwanangu. Umeuliza vizuri.

Waliposambaa, mzee aliingia garini peke yake, akaitoa globu mfukoni, akairudisha mahali pake. Taa nyekundu ikawaka. Akawasha injini, taa ikazimika, mshale wa mita ukapanda. Gari lilikuwa zima kabisa, na uzima wake ulimhuzunisha. Hakuwa na pa kwenda nalo.

Waya akaegemea dirishani.

— Imepona?

— Imepona.

— Hongera. Ila hiyo stata, mzee wangu, nimeisikia inakwaruza ukiwasha. Kesho iletwe benchini.

— Stata ni nzima, Waya.

— Najua.

Mzee akashika usukani kwa mikono miwili.

— Na nikija mikono mitupu?

Waya alilitazama benchi, akatazama ndara zake. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kumdanganya.

— Uje, mzee. Nafasi yako ipo. Ila Redio atarudi kwenye mpira.

Mzee aliisikiliza injini ikinguruma vizuri. Kisha akaizima, akashuka, akainua boneti.

— Spana ya stata, akauliza, — ni namba ngapi?