Neno la Kumpa Mjukuu

Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi viatu, Babu Soli. Lina miguu minne: mitatu ya mbao, mmoja wa matofali, na huo wa matofali ndio mzima. Siku nyingine tungebishana mpira mpaka kahawa ipoe. Siku hiyo mpira haukuwa na mwenyewe. Binti wa Babu Soli, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa amefariki na kuzikwa huko huko, baba mtu asipate kutupa hata konzi moja ya udongo. Mkwe, naye mtu wa huko, alileta ujumbe: alasiri atapiga simu, mtoto anataka kumsikia babu yake. Mtoto hajui ila Kiingereza. Babu hajui ila viatu. Basi kijiwe kikageuka shule, na mwalimu akawa Kamusi, fundi saa, ambaye Kiingereza chake alikiokota kwenye vikaratasi vya maelekezo ya saa.

— Sikilizeni, alisema Kamusi. Maneno ya Kiingereza yana koo kama watu. Ukishika herufi mbili za mwanzo, umeshika ukoo mzima. Leo tunaingia nyumba ya G na R. Babu, wewe mwenyewe umo humo: 'grandfather'.

— Gurandifaza, alisema Babu Soli, sindano mkononi.

— Safi! 'Grow', kukua. 'Green', kijani. 'Grass', nyasi.

— Nyasi za nini? aliuliza Nyundo, fundi bati. Mtoto amefiwa, si mbuzi!

— Akili ni nywele, Nyundo, na wewe una kipara. Hao ni watu wa sebuleni tu. Wa msiba wako chumba cha ndani. 'Grief', majonzi. 'Grave', kaburi.

Uzi wa Babu Soli ukakatika. Akaulamba ncha, akaanza kuutunga upya, tundu likamkwepa.

Breki, dereva aliyestaafishwa na macho yake, akaweka kikombe chini.

— Mmeona lakini? Kukua, babu, kaburi, nyasi. Wenzetu wamemaliza maisha yote kwa herufi mbili! Unakua, unakuwa babu, unafukiwa, unaota nyasi juu.

— Na 'great' si mkubwa? alidakia Nyundo. Nyumba moja na kaburi! Ndiyo maana wakubwa hawapendi kupita makaburini. Wanaogopa kuitwa na ndugu.

— Mimi naenda mbali zaidi, alisema Breki. Kijani kiko ukoo wa kaburi. Msitu je? Bustani je? Dunia nzima ni kaburi moja, wao wanajua, wametuficha!

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kamusi. Ndiyo maana simu inachelewa.

— Kwa hiyo nimwambie nini? aliuliza Babu Soli. Babu, majonzi, kaburi?

— Kwa mpangilio huo huo, alisema Kamusi. Atajua babu yake ni msomi.

— Atajua babu yake anauza majeneza, alisema Nyundo.

Tukacheka. Babu Soli naye akacheka, ila kicheko chake kilitoka kimepinda kama msumari uliogonga jiwe.

Hapo akafika mama mmoja, kiatu mkononi, kisigino kinaning'inia.

— Hodi, fundi. Mbona mmekaa kama mko darasani?

Nyundo akamweleza. Mama yule akakivuta kiatu kifuani.

— Pole sana, baba. Pole mno.

Kisha akamgeukia Kamusi.

— Na huyo mtoto, 'pole' ataambiwaje?

Kamusi akahesabu ukoo wake kwa vidole, vidole vikaisha.

— Haimo nyumba ya G na R? aliuliza Breki.

— Haimo.

— Basi piga hodi nyumba nyingine!

— Kuna 'sorry', alisema Kamusi. Lakini hiyo wanaisema hata wakikukanyaga mguu. Ni ya mkosaji.

— Sasa huyu mzee kamkosea nini mtoto? aliuliza yule mama.

Simu ikaita. Babu Soli akaifuta kwenye aproni, akaiweka sikioni.

— Gurandifaza, alisema.

Akamtazama Kamusi. Kamusi akatazama viatu vyake. Simuni ilisikika pumzi tu, ndogo, ya mtoto anayesubiri.

— Pole, alisema Babu Soli. Pole, mjukuu wangu. Pole, mwana wa mwanangu.

Upande wa pili kilio kikaanza, kwanza cha kujizuia, kisha cha kujiachia.

— Kaelewa? alinong'ona Nyundo.

— Nyamaza, alisema yule mama.

Muuza kahawa aliyekuwa pembeni akainamisha birika, likatoa tone moja na hewa. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Babu Soli alikuwa amejikunja juu ya simu kama anavyojikunja juu ya kiatu, akirudia neno lake lile moja, na mtoto hakukata.