Mfuniko Mwekundu wa Bi Glasi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya maji, Bi Glasi anastaafu. Dunia inamfahamu kama mwanasayansi aliyebuni chujio la mchanga na mkaa linaloenea kwenye ndoo moja. Sisi tunamfahamu kama mtu anayeazima kalamu na asirudishe.

Alianzia kwenye chumba cha mwisho cha korido ya chini, chenye sinki moja na dirisha lisilofunguka. Humo alikaa miaka sita akijaza ndoo na kuzimwaga, hadi mafundi bomba wakalalamika kwamba mchanga wake unaziba mabomba ya jengo zima. Mwaka wa saba chujio likakubali. Badala ya kuliuza, alichora maelekezo yake kwenye karatasi moja na kuruhusu yeyote ayanakili. Leo ndoo hizo ziko mashuleni, kwenye zahanati na kwenye kambi za wakimbizi. Wauguzi wa kambi moja walituandikia kwamba wodi yao ya wagonjwa wa kuhara sasa ni stoo ya mablanketi. Barua hiyo ameibandika ukutani. Medali zake zote ziko kwenye droo, chini ya betri zilizokwisha.

Jina la Bi Glasi alilipata kwa kanuni yake moja: chujio likifungwa mahali popote, glasi ya kwanza anakunywa yeye, mbele ya watu. Alikuwa akisema hawezi kumpa mtoto wa mwenzake maji anayoyaogopa mwenyewe. Mumewe, fundi cherehani mpole, alitupigia simu kila safari kuuliza kama mkewe ameshakunywa, na kama bado yuko wima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi, mtunza stoo wenu, nimelibeba miaka kumi na tisa.

Wengi mnakumbuka alivyokunywa kambini mbele ya waandishi wa habari, na kesho yake akalazwa. Magazeti yakaandika kwamba chujio limemlaza aliyelibuni. Wafadhili wakasimamisha kila kitu, na watu wa kambi ile wakarudi kuchota mtoni. Chujio halikuwa na kosa lolote. Madumu yalikuwa mawili, yamefanana kama mapacha, na mimi, kwa kiherehere cha kupigwa picha, nilijaza glasi yake kutoka kwenye dumu la maji ya mtoni.

Nilikwenda hospitali, nikamweleza yote. Nilijua kibarua changu kimeota nyasi. Bi Glasi, dripu mkononi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama stoo kuna rangi nyekundu.

Siku ya tano aliruhusiwa, akaenda moja kwa moja kambini, amekonda, gauni linamcheza mwilini. Akawaambia waandishi walewale kwamba madumu yalichanganywa, na kwamba kosa ni lake kwa kutoyawekea alama. Akanywa glasi kutoka kwenye dumu sahihi, akaongeza ya pili. Tulisubiri siku tatu, roho mkononi. Hakuumwa hata tumbo la kusingizia. Kazi ikarudi, na watu wakaacha kuchota mtoni.

Tangu hapo kila chombo cha maji yasiyochujwa kina mfuniko mwekundu. Vitabu vya mafunzo vinasema rangi hiyo ilichaguliwa baada ya utafiti wa kina. Utafiti wenyewe ni mimi.

Jina langu hakulitaja popote, hata kwa utani. Juzi nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akajibu kwamba alishayasahau, jambo ambalo ni uongo mtupu, maana anakumbuka hadi nani alivunja bika ya kupimia maji mwaka wake wa kwanza. Basi nimelitua, na nimepumua.

Bi Glasi, asante kwa maji, na asante kwa kunyamaza. Daktari wako amefurahi, na mumeo amefurahi zaidi: hatimaye tumbo lako nalo linastaafu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na kalamu zako mwenyewe.

Ijumaa ukumbini kutakuwa na chujio jipya, lililofungwa na uliowafundisha. Utuwie radhi, kanuni yako tumeibadilisha. Wewe utakaa kitini, na glasi ya kwanza nitakunywa mimi.