Utando Usiotaka Kutikiswa

Kuna jambo nimemficha Bwana Wepukhulu Nyongesa tangu Novemba. Nitalisema kabla sijaweka kalamu chini, maana jarida hili la wafanyakazi litatoka akiwa ameshafika kwao Kimilili, na mimi sina hakika kama nitalisoma.

Anastaafu tarehe 31 Desemba 1986, baada ya miaka ishirini na miwili katika kiwanda chetu kidogo cha siki hapa Kawangware. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka mtaa wa Lindi, mvua au jua. Kazi ya kwanza niliyompa, nikiwa msimamizi, ilikuwa kuondoa utando mzito unaoota juu ya molasi inapochacha, na kuutupa. Sote tuliuona uchafu. Kwa miaka mingi tuliumwaga mtaroni.

Baadaye zahanati ya jirani ikauomba: ukichemshwa kwa magadi na kusuuzwa, hufunika kidonda bila kung'ang'ania nyama. Hapo Wepukhulu akawa mlinzi wa trei za kuoteshea utando. Utando hautaki kutikiswa, kwa hiyo alivua viatu mlangoni na kwenda hatua ndogo ndogo, na wenzake wakamwita Bibi Harusi. Majirani, kwa ile harufu, walimwuliza chang'aa itaiva lini. Aliwajibu kuwa yake ni ya kuvaa.

Kilichotushinda ni ngoma ya kanisa lililo nyuma ya ukuta. Kila Jumatatu tulikuta utando umepasuka. Wepukhulu hakwenda kulalamika. Alijiunga na kwaya, akaomba ngoma, akaipiga kwa upole hata Mama Rahab, kiongozi wao, akamwonya kwamba Roho atasinzia. Utando ukatulia.

Nilipostaafu mimi, ugonjwa wa sukari ukanila mguu. Kila jioni alipita kwangu Riruta kunisafisha na kunifunga kwa utando wake mwenyewe. Mkewe, Nasipwondi, amemngoja nyumbani miaka yote hii, lakini aliapa hataondoka Nairobi kabla kidonda changu hakijafunga. Aliporudi kutoka likizo Novemba nikamwambia kimefunga. Nilivaa soksi na viatu, nikamsindikiza hadi langoni nikimtania. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akaenda kukata tiketi.

Asante, ndugu yangu. Kaa kwako kwa amani, na ngoma sasa uipige upendavyo.

Kidonda hakikufunga. Soksi ile ilitoka na nyama.