Pale Wimbo Unaposema Ka

Wasikilizaji wapendwa, kaeni mkao wa kusikia. Mwenye ndevu azishike. Leo tunamkumbuka mtu aliyezinyoa zake mara moja tu tangu aoe, na nusura zimgharimu mtoto.

Tunamkumbuka kinyozi. Mtaani walimwita Makasi, na alipopata mvi wakamwongezea heshima: Mzee Makasi. Alifariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha mjane, ameacha watoto watatu, na ameacha kanda moja ya kaseti. Ikumbukeni hiyo kanda. Tutairudia.

Mkewe alikuwa mwoka mikate. Alitoka nyumbani jogoo wakiwa bado wanasafisha koo, akarudi alasiri. Kwa hiyo watoto wote watatu walilelewa dukani kwa kinyozi. Kila siku saa nne asubuhi Makasi alisimamisha kazi, akateka maji ya vuguvugu kwenye karai, akawasha redio kaseti. Mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, angoje na nusu yake. Ilikuwa zamu ya mtoto kuoga, na mtoto wa Makasi hakuoga bila muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa wimbo mmoja tu. Wimbo wa dansi wa zamani, aliokuwa anaupenda tangu ujana. Jina la bendi tumelitafuta hapa redioni tukashindwa, na ndiyo kazi tunayolipwa. Mwanamume anamuaga mpenzi wake: "Nitarudi, mpenzi, nitarudi kabla chai haijapoa."

Mtoto wa kwanza alipokuwa na miezi miwili, redio iliitafuna ile kanda. Makasi akachukua mkasi uleule wa nywele, akakata palipotafunwa, akaunga kwa selotepu. Kanda ikapona, ila ikabaki na kovu. Tangu siku hiyo mwimbaji akawa anaimba: "Nitarudi, mpenzi, nitarudi ka haijapoa."

Ka. Narudia kwa waliochelewa: ka.

Mjane wake anakumbuka. "Nilimuuliza, ka nini? Akanijibu, ndivyo wimbo ulivyo, mama watoto, usibishane na bendi."

Basi naye akauimba hivyohivyo, kwa sauti ambayo, Mungu amrehemu, ilikuwa ya mlango unaodai mafuta. Na kila ilipofika ka, alimgusa mtoto puani kwa brashi ya sabuni ya ndevu. Watoto wakajua. Kabla hawajaweza kusema mama, walijua kwamba ikifika "nitarudi" ya pili, unafumba macho, unakunja pua, unangoja ka yako.

Sasa kazeni mioyo.

Kitinda mimba wao alikuwa msichana, wakimwita Kifungo kwa jinsi alivyokuwa mdogo na mviringo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Asubuhi hiyo alikuwa amelala mkekani, nyuma ya kiti cha wateja. Kwenye kiti alikaa muuza magodoro, mtu wa mdomo.

"Wewe kinyozi," akasema, "una ndevu kama ufagio wa chelewa, halafu unatuuzia sisi usafi?"

"Hizi ni za biashara. Nikizitoa mtanililia."

"Zitoe basi tuone kama una kidevu."

Makasi alikuwa na kidevu. Alikuwa na kiburi pia. Akashika wembe, na ndevu za miaka kumi na miwili zikalala sakafuni. Kisha akatoka mlangoni na mteja wake, wanacheka, anajipapasa mashavu kama aliyenunua uso mpya.

Familia inaamini kwamba hapo ndipo Kifungo alipoamka. Akatazama, akaona mgeni amevaa koti jeupe la baba. Akaondoka kwa mlango wa nyuma. Narudia, wasikilizaji: mtoto alitoka kwenda kumtafuta baba, na baba alikuwa palepale.

Nyuma ya duka kulikuwa na uchochoro. Mwisho wa uchochoro, kituo kikuu cha mabasi.

Makasi aliporudi ndani alikuta mkeka mtupu. Akauinua mkeka. Akachungulia kwenye karai. Akafungua droo ya taulo, ambayo hata paka asingeenea. Kisha akakimbia, wembe ungali mkononi, mpaka mama mmoja njiani alipopiga ukelele, ndipo akaukunja na kuutia mfukoni. Alipiga mbio kituo kizima, basi hadi basi, akipiga magoti kuchungulia chini ya magurudumu. Saa sita kasorobo mkata tiketi mmoja akamwambia kuna mtoto ameokotwa chini ya benchi, amepelekwa kwa askari.

Sikilizeni utaratibu wa ofisi ile. Mtoto asiyepata mwenyewe hadi saa sita mchana huchukuliwa na gari la makao ya watoto. Akifika huko, kumtoa ni barua, na mhuri, na barua ya kuuliza mhuri uko wapi. Gari lilikuwa limeshafika. Na juma lililotangulia, mtu alikuja pale akasema "huyu ni wangu", akapewa mtoto, na mtoto yule alikuwa bado anatafutwa.

Makasi akaingia anahema, mkata tiketi nyuma yake. "Afande, huyo ni wangu."

Kifungo akamtazama, akaangua kilio, akamkumbatia askari mguu.

"Wako?" askari akauliza. Alikuwa mwanamke mtulivu. "Mbona anakukimbia?"

"Ninayo picha yetu." Akatia mkono mfukoni kwa pupa. Ukatoka wembe.

Askari akausogeza wembe upande wake wa meza kwa ncha ya kalamu. Picha ikafuata. Akaitazama, akamtazama.

"Huyu mwenye ndevu ni nani?"

"Mimi."

"Wewe huna ndevu, kaka."

"Asubuhi nilikuwa nazo."

Tumempata askari huyo. Amestaafu, anafuga kuku. Anasema: "Niliona wembe, nikaona mtoto analia, nikaona picha ya mtu mwingine. Nikajiambia, huyu leo hatoki hapa na mtoto, na labda hatoki kabisa."

Simu ya mkononi wakati huo ilikuwa hadithi. Ya kiwanda cha mikate ililia bila kupokelewa. Saa sita kasoro dakika nne, dereva wa makao akapiga honi.

"Mwite jina," askari akasema.

Akamwita. Kilio kikazidi.

Honi ya pili, kisha dereva mwenyewe akaingia. Askari akamwinua mtoto begani. Hapo Makasi, mbele ya askari, dereva na mkata tiketi, akafanya kitu pekee alichofanya na mtoto yule kila siku ya Mungu. Akaimba. Mkata tiketi akatazama sakafu kwa aibu. Mtoto akaendelea kulia. "Nitarudi, mpenzi," Makasi akaimba, "nitarudi..." Sauti ikakatika palepale.

Na kilio cha mtoto nacho kikakatika.

Kifungo, begani kwa askari, alikuwa amefumba macho. Amekunja pua. Akasema, "Ka." Kisha akaisogeza pua mbele, akangoja brashi.

Makasi hakuwa na brashi. Akamgusa kwa kidole.

"Ka nini?" askari akauliza.

"Ndivyo wimbo ulivyo, afande."

"Rudia."

Akarudia. Ka. Askari akamtaka arudie mara ya tatu, maana hakuwa mtu wa kudanganywa. Ka. Akamwambia dereva aende zake.

Lakini sheria ni sheria. Baba na mtoto waliketi kwenye benchi ofisini mpaka alasiri, mama alipofika na unga kwenye nyusi. Akamkumbatia mwanawe. Kisha akamtazama mwanamume aliyekaa kando yake. "Na huyu nani?" Askari akashika tena kalamu yake.

Ndevu zile ziliota, na hazikunyolewa tena hadi alipozikwa nazo.

Kifungo leo ni fundi bomba, na ana mtoto wa miezi mitano anayeoga saa nne kamili. Juzi alituletea kanda, ameiviringisha ndani ya taulo. Fundi mitambo wetu, kijana wa watu, akamwambia kwamba pale palipokatika anaweza kupalainisha, hata haitasikika.

"Kaka," Kifungo akamjibu, "usipaguse. Hiyo ka ndiyo cheti changu cha kuzaliwa."

Kwa mjane, kwa watoto watatu, kwa wateja walioachwa nusu kichwa: poleni sana. Mungu ampumzishe Mzee Makasi pema. Na wewe unayetusikiliza mikono ikiwa na povu, mtoto ndani ya beseni, jiulize anapata wimbo gani kwako. Usiogope sauti yako. Mtoto hajui bendi. Anakujua wewe, pamoja na makosa yako, na iko siku makosa hayo ndiyo yatakayomleta nyumbani.

Fundi, weka kanda. Wengine wote, kunjeni pua.